Ncha ya Leso na Chupa ya Shangazi

Kwetu kitu kikimwingia mtu jichoni haitwi daktari, anaitwa mwenye leso. Mama yangu alikuwa akinyonga ncha ya leso mpaka inakuwa kama utambi, anailowesha kwa mate, anakushika ukope, anakuambia utazame juu, na kabla hujamaliza kulia uchafu umeshatoka. Mkono huo nikaurithi. Sokoni Nakivubo, ninakouza mchele, walikuwa wananiita mpaka kutoka safu za mbele: "Hajati, kuja, bambi, tafadhali! Mtu kitu imeingia kwa macho!" Naacha mizani, nakwenda, natoa, narudi. Sitaficha, nilikuwa najisikia. Mtu akinishukuru nilimjibu kwamba si kitu, na moyoni naongeza: mngekuwa wapi bila mimi.

Sisi ni Waswahili wa Kampala, wale ambao babu zetu walipanda kutoka pwani na biashara zao, wakaoa, wakajenga, wakasahau kurudi. Tuna maneno mengi na dawa nyingi. Kila nyumba ina kabati la habasoda na maji ya waridi, na kila nyumba ina shangazi. Wangu anakaa Bugolobi, ghorofani, kwa mwanawe. Jamaa zake wanaosafiri wakirudi humletea tende, udi, na chupa ndogo ndogo za dawa ya macho zenye kifuniko cha rangi ya waridi na maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyasoma. Jicho likiwa jekundu, matone mawili, kesho yake jeupe. Tuliiita dawa ya shangazi. Chupa yangu ilikaa mlangoni mwa friji, kati ya ndimu na pilipili ya kusaga, na nusu ya majirani zangu wa Kisugu walikuwa wameshaionja.

Aliyekuwa akinipepetea mchele ni mwanamke wa Bukavu, mpangaji wangu hapo hapo Kisugu, chumba kimoja, yeye na mabinti zake wawili. Alikimbia vita, na hilo ndilo tu alilonieleza, nami sikumchokoza. Mchana alikaa na ungo dukani kwangu, jioni alikaa mlangoni kwake akitarizi vitambaa vya meza: ndege, maua, mashua, kwa uzi wa rangi sita. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyokuwa riziki yake hasa. Mchele ulikuwa wa kuongezea. Alikuwa na subira ambayo mimi sikupewa. Nikimkaripia alisema tu, "Sawa, mama," na kuendelea na kazi kwa mwendo wake ule ule.

Kupepeta kuna adabu yake. Unaupa upepo mgongo ili makapi yaende mbele, yasikurudie usoni. Yeye hakuwahi kukosea hilo. Siku ile, Jumatatu, mahali pake palikuwa pamejaa magunia yaliyoshushwa asubuhi, wingu la mvua lilikuwa linakuja na upepo wake, na mteja wa hoteli alikuwa amesimama anatazama saa. Yule dada akaanza kusogeza gunia ili apate upande mzuri. Nikamwambia, "Pepeta hapo hapo, kwani umekuwa bibi harusi wa kuchaguliwa pa kukaa?" Wakacheka watu. Akaketi uso ukitazama upepo, akapepeta.

Mara ya tatu au ya nne nikasikia amepiga kelele, ungo ukaanguka, mchele wa mteja ukamwagika chini. Wallahi, kilichonikasirisha kwanza ni ule mchele.

Jicho lilikuwa la kulia. Nikamketisha juu ya gunia, nikanyonga ncha ya leso niliyojifunga tangu alfajiri, leso ambayo nilikuwa nimeshaifutia mizani, mikono na jasho, nikailowesha kwa mate, nikamwambia tazama juu. Haikutoka mara moja. Nilisugua mara tatu. Mwishowe likaja: ganda la mpunga, dogo, lenye ncha. Nikamwonyesha yeye, nikamwonyesha na mteja wa hoteli. "Umepona," nikasema. Nikaendelea kupima mchele.

Leo najua nilichokuwa nimefanya, kwa hiyo nakieleza. Mbele ya jicho, juu ya ile sehemu nyeusi, kuna kioo. Madaktari hukiita konea. Ni chembamba, hakina damu ya kukilinda, na ndicho kinachopitisha mwanga. Ganda la mpunga lilikikwaruza. Mkwaruzo mdogo wa jicho safi mara nyingi hujifunga wenyewe kwa siku moja au mbili. Lakini ganda la shambani huja na ukungu wake, na mate yangu na leso yangu vilikuja na vyao, na mimi nikasugua mara tatu kuhakikisha vyote vimeingia. Lilitakiwa maji safi tu, mengi, yaliyomiminwa taratibu, kisha kwenda kuonwa siku hiyo hiyo. Maji yalikuwapo, jerikeni zima, hatua mbili kutoka pale nilipomketisha.

Kesho yake alikuja jicho limevimba, jekundu, linatiririka machozi. "Mama, jicho iko inanichoma," akasema. "Jua likinipiga, nasikia kama sindano." Nikaona kazi imefika kwenye ngazi ya pili, na ngazi ya pili ilikuwa shangazi. Jioni nikatoa chupa kwenye friji, nikamtia matone mawili, nikampa chupa akae nayo. Asubuhi na jioni, nikamwambia, wala usipunguze.

Jumatano jicho lilikuwa karibu jeupe. Nilimzungusha kwa wenzangu kama nguo mpya. Alhamisi pia. Yeye alikuwa akilikwepa jua tangu asubuhi. Nikamwuliza kulikoni, akasema wekundu umekwenda lakini uchungu haujaenda, na upande ule anaona moshi. Nikamjibu kwa maneno ninayoyakumbuka vizuri kuliko ninavyopenda: "Jicho jeupe haliumwi. Wewe una woga tu." Akasema sawa, mama. Akarudi kwenye ungo, akawa anachagua mchele amefumba jicho moja.

Jumamosi binti yake mkubwa, wa miaka kumi na miwili, alinigongea mlango asubuhi. Akasema mama yake hakutarizi tangu Jumanne, na kwamba katika jicho kuna kitu. Nikaenda. Nikamfungua kope mlangoni penye mwanga, akalia kwa uchungu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akilia. Katikati ya ile sehemu nyeusi palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa chenga ya mchele. Kwanza nikadhani ni chenga kweli. Mkono wangu ulikuwa umeshashika ncha ya leso. Namshukuru Mungu kwamba sikuitumia, na namshukuru pia huyo mtoto, maana ndiye aliyesema, "Hapana, mama, usimguse."

Tukapanda boda mbili, wao mbele, mimi nyuma, mpaka hospitali yenye kitengo cha macho. Chupa ya shangazi ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nimeichukua chumbani kwake ili nimwonyeshe daktari kwamba hatukukaa bure, tumemtibu.

Musawo, kama tunavyowaita madaktari hapa, alikuwa mwanamke wa makamo, binti wa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha moja kwa moja. Alimtia tone la ganzi, kisha akamgusisha karatasi nyembamba yenye rangi ya machungwa, akawasha taa ya bluu. Akaniita nione. Palipokuwa na doa palikuwa panang'aa kijani, kingo zimechanika chanika.

"Hii ni kidonda," akasema. "Kidonda kwa kioo ya jicho. Ilianza lini?"

Akaambiwa Jumatatu, ganda la mpunga. Akashusha pumzi. Akachukua kisu kidogo, akakwangua kidogo juu ya kidonda, akapaka kwenye kigae cha kioo, akampa mtu akapeleke maabara. Yule dada alikuwa ameshika mkono wa binti yake. Baadaye majibu yakaja: ni ukungu, nyuzi nyuzi zake zinaonekana kwenye darubini. Musawo akauliza jicho lilikuwaje siku zote hizi. Akaambiwa lilikuwa jekundu, kisha likawa jeupe siku mbili, uchungu ukabaki.

Akaweka kalamu chini. "Likawa jeupe na uchungu ikabaki. Mliweka dawa gani?"

Hapo ndipo nilipojua. Akaendelea kueleza, hakuwa anamtazama mtu. Kuna dawa za macho zinazoondoa wekundu upesi kwa sababu zinawalaza askari wa mwili. Wekundu ule si ugonjwa wenyewe, ni askari wanaopigana. Ukiwalaza askari, jicho linapendeza, na ukungu unakula bila wa kuuzuia. Dawa hiyo ni nzuri kwa maradhi mengine, mkononi mwa anayejua, baada ya kulichungulia jicho. Akauliza tena, safari hii kwa sauti kubwa kidogo: "Nani aliwapa?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Chupa ilikuwa humo. Nikaishika zipu yake, sikuifungua.

Yule dada akajibu, "Nilinunua mwenyewe, kwa soko. Jina yake sijui."

Musawo akamwambia aitafute ailete, na kuanzia sasa asitie kitu kingine isipokuwa atakachompa. Nami nikakaa na mkoba wangu kama mgeni. Mtu aliyekimbia vita, jicho linamwoza, ananifichia mimi aibu yangu, na mimi nakubali kufichiwa. Nimewahi kuona haya maishani mwangu, lakini si namna ile.

Tulipewa dawa nzito nyeupe, ya kutikiswa kabla ya kutumia, tone moja kila saa. Kila saa, usiku na mchana, kwa siku za mwanzo. Musawo alinifundisha mimi, kwa sababu mgonjwa hawezi kujitia vizuri jicho linapouma hivyo: nawa mikono kwa sabuni kwanza, vuta ukope wa chini, dondosha bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope, asilifikiche, asilifunge kwa kitambaa. Akauliza kama tutaweza. Nikasema tutaweza. Nikamhamishia kwangu, tukaweka saa ya simu ilie. Mabinti zake walishika zamu za mchana siku ya Jumapili nilipolala kidogo, na nilipoamka niliwakuta wamenawa mikono mpaka vidole vimekunjamana.

Duka nilimwachia mdogo wangu. Ungo ulikaa siku nzima umeegemezwa ukutani.

Shangazi akapiga simu. Nikamwamkia, akaitika, kisha nikamwambia yaliyotokea. Akasema dawa yake haijawahi kumdhuru mtu, na akaongeza, "Mwanangu, heri kufa macho kuliko kufa moyo." Ni methali nzuri. Lakini nilikasirika, nikamwambia shangazi yangu, mama mzima wa miaka themanini, kwamba methali hiyo aitumie kwa jicho lake mwenyewe. Nikakata simu. Nilimwomba radhi baadaye, akanisamehe, na chupa zote alizobakiza akampa mwanawe azitupe. Lakini kilichonikasirisha nilikijua: moyo uliokuwa unakufa haukuwa wa yule dada. Chupa ilikuwa bado mkobani.

Jumanne tukarudi hospitali. Kabla musawo hajaketi nikafungua mkoba, nikaweka chupa mezani, mbele ya mgonjwa na mbele ya binti yake. Nikasema, "Dawa ni yangu. Nilimpa mimi. Na ganda nililitoa mimi, kwa leso na mate, na Jumamosi chupa hii nilikuwa nayo humu humu."

Nilingoja kukaripiwa. Ningefurahi kukaripiwa. Musawo aliigeuza chupa, akasoma yale maandishi, akasema ndiyo yenyewe aliyoidhani, na kwamba ilifunguliwa zamani mno hata kwa kazi yake halali. Halafu akauliza: "Nani mwingine umempa?"

Hilo sikulitazamia. Nikaanza kuhesabu kwa vidole: jirani wa mbele, mke wa fundi, mtoto wa mwalimu. Vidole vya mkono mmoja vikaisha. Akaniambia niende kwa kila mmoja, nimuulize jicho lake, na anayeumwa nimlete. Nilikwenda. Jioni ile nilibisha hodi milango saba hapo Kisugu, nikirudia maneno yale yale, na kila mlango ulikuwa mgumu kuliko uliopita. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Jirani mmoja Mganda alicheka akasema, "Kale, haya basi, Hajati, leo umekuja kuomba msamaha? Naandika kwa kalenda!"

Jicho lilichukua karibu miezi mitatu. Kidonda kilisinyaa kutoka pembeni kwenda katikati, polepole, wiki nyingine hakibadiliki kabisa, na hizo ndizo wiki nilizoshindwa kula. Kilipofunga, kiliacha kovu jeupe pale pale katikati. Musawo alisema tumeliokoa jicho, maana ukungu ungeweza kulitoboa, likatolewa. Kuona ni jambo jingine. Kwa jicho hilo anajua mchana na usiku, na nikimnyooshea vidole karibu na uso anavihesabu. Kuna upasuaji wa kubadilisha kile kioo kwa kupata cha mtu aliyefariki, na jina lake limeandikwa katika orodha. Tunangoja.

Dukani kwangu sasa hakupepetwi mchele bila miwani. Nilinunua ile ya plastiki ya mafundi seremala, yenye pembe zilizozibwa. Mwanzoni soko zima lilitucheka, wakatuita marubani. Jerikeni la maji safi na kikombe chake vinakaa kwenye rafu, na aliyeingiwa na kitu anamiminiwa maji akiwa ameinamisha kichwa pembeni. Kisichotoka kwa maji hakiguswi na mtu. Jicho likiuma, likiogopa mwanga, au likiona moshi, mwenyewe anapakiwa kwenye boda siku hiyo hiyo, hata kama ni jeupe kama maziwa. Bado wananiita, "Hajati, kuja!" Nakwenda na kikombe. Wakiuliza leso iko wapi, nawaambia leso ni ya kujifunga.

Yule dada amerudi kazini, anapepeta akiupa upepo mgongo, na magunia yanashushwa upande mwingine, hata akija mteja wa hoteli. Kutarizi ndiko kulikomsumbua. Kushona mwenyewe anaweza, mkono unajua njia. Kutunga uzi hawezi. Kwa jicho moja tundu la sindano analiona, lakini hajui liko mbali kiasi gani; uzi unapita kando, mara kumi, mara ishirini. Kwa hiyo jioni nakwenda kuketi mlangoni kwake, namtungia sindano sita, rangi sita, nazichomeka kwenye sponji, naye anashona.

Kwa muda mrefu sikuthubutu kumwuliza. Juzi nikamwuliza. "Ile siku kwa musawo, kwa nini ulisema ulinunua sokoni? Ulinionea huruma?"

Akacheka, kicheko kifupi. Hakuinua uso kutoka kwenye kitambaa, alikuwa anamalizia bawa la ndege.

"Huruma? Hapana, mama. Kama ningesema ni weye, ungesikia haya. Na mutu wa haya anakimbiaka. Sasa ungekimbia, nani angenitia dawa? Batoto wangu ni badogo." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nilikuwa na hasira. Hata sasa iko kidogo. Lakini nilikuwa nataka jicho."

Akaninyooshea sindano tupu na uzi wa bluu. Nikatunga, uzi ukapita kando. Nikatunga tena, ukapita kando. Macho yangu ni mazima yote mawili, lakini yalikuwa yamejaa maji. Akaniambia, bila ukali, "Usifikiche, mama," akangoja nimalize.